Kuumwa na nyoka: kwa nini kichupa cha bei rahisi kinaweza kuwa ghali kuliko vyote

Tufanye leo wewe ndiye mfamasia wa hospitali ya wilaya. Mvua zimeanza, watu wako mashambani, na kila wiki analetwa mtu aliyeumwa na nyoka. Mezani una orodha ya bei za dawa mbili za sumu ya nyoka. Kichupa kimoja cha dawa ya kwanza kinauzwa mara nne ya kichupa cha dawa ya pili. Zote mbili zimeandikwa “Afrika” kwenye boksi. Bajeti yako ni ndogo na haiongezeki. Utaagiza ipi?

Wengi wetu tungejibu haraka: ya bei nafuu, ili tupate vichupa vingi. Jibu hilo linaeleweka kabisa. Ila kabla hujasaini fomu ya kuagiza, subiri kidogo. Kuna hospitali iliwahi kubadilisha dawa yake ya nyoka, na kilichofuata kimeandikwa kwenye majarida ya tiba. Tutafika huko. Kwanza inabidi tujue sumu inafanya nini mwilini, dawa yake inatengenezwaje, na pesa inaingilia wapi.

Sumu ya nyoka si kitu kimoja

Tukisema “sumu ya nyoka” tunaongea kana kwamba ni kimiminika kimoja. Sumu ya nyoka mmoja ni mchanganyiko wa protini nyingi, kila moja ina kazi yake, na mchanganyiko huo unatofautiana kati ya aina moja ya nyoka na nyingine. Hata nyoka wa aina moja wanaweza kuwa na sumu yenye uwiano tofauti kulingana na eneo wanaloishi. Shika hapo, litatusaidia mbele.

Tuanze na kifutu, ambaye wengine mnamwita moma au bafe. Huyu hana haraka ya kukimbia mtu akija. Analala kimya njiani akitegemea rangi yake imfiche, wewe unamkanyaga, anakuuma mguuni. Sumu yake ina vimeng’enya vinavyovunja nyama na kuta za mishipa ya damu. Mguu unavimba, unatoa malengelenge, na nyama inaanza kufa. Wengi wanaoumwa na kifutu hawafi, lakini wapo wanaobaki bila kidole au bila mguu.

Koboko ni habari nyingine. Sumu yake inaingilia mawasiliano kati ya neva na misuli. Kwa kawaida, ukitaka kunyanyua mkono, neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, misuli inaipokea, inajikunja, kisha kemikali ile inafagiliwa. Ndani ya sumu ya koboko kuna protini zinazoziba mahali pa kupokelea, nyingine zinaifanya neva imwage kemikali ovyo, na nyingine zinazuia ufagiaji. Mgonjwa anaanza kwa kope kulegea, anashindwa kumeza, mwishoni misuli ya kupumua inagoma. Mguu wake unaweza usivimbe sana, na hii inawadanganya ndugu wakadhani hali si mbaya.

Swila anayetema anajulikana kwa kurusha sumu machoni, lakini akiuma pia anaozesha nyama. Mmoja wao, swila mkubwa wa Afrika Mashariki, alitambuliwa rasmi na wanasayansi kuwa ni aina inayojitegemea mwaka 2007 na kupewa jina la Naja ashei. Jina hilo ni la kumkumbuka James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu, Kenya.

Halafu kuna nyoka wadogo wa kundi la Echis, wanaopatikana maeneo makavu kama kaskazini mwa Kenya, na pia Afrika Magharibi. Sumu yao inaamsha mfumo wa kugandisha damu wakati hakuna jeraha la kuziba. Ni kama kijiji kilichomaliza maji yote ya pipa kuzima moto ambao haupo. Moto wa kweli ukija, pipa ni tupu. Viungo vya kugandisha damu vinaisha, na mtu anaanza kutoka damu kwenye fizi, kwenye mkojo, hata kwenye ubongo.

Uzuri ni kwamba tatizo hili la mwisho linapimwa kwa gharama ndogo sana. Daktari anaweka damu kidogo ya mgonjwa kwenye bomba la kioo, safi na kavu, analiacha limetulia dakika 20, kisha analiinamisha. Damu ikimwagika kama maji badala ya kushika, mfumo wa kugandisha umeharibika. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme.

Farasi, sindano na friji

Dawa ya sumu ya nyoka, ambayo tutaiita antivenomu, si ugunduzi wa juzi. Mfaransa Albert Calmette alianza kuitengeneza miaka ya 1890, na muda mfupi baadaye Vital Brazil wa Brazili akaonyesha jambo muhimu: dawa iliyotokana na sumu ya nyoka wa sehemu moja si lazima imsaidie mtu aliyeumwa na nyoka wa sehemu nyingine. Tangu hapo kanuni ya msingi haijabadilika sana.

Inafanyika hivi. Nyoka anakamuliwa sumu. Sumu kidogo sana inachomwa kwa farasi, au wakati mwingine kondoo, na dozi inaongezwa taratibu kwa miezi kadhaa. Mwili wa farasi unatengeneza kingamwili za kupambana na sumu ile. Kisha farasi anatolewa damu, chembe nyekundu anaweza kurudishiwa, na kingamwili zinatenganishwa, zinasafishwa na kujazwa kwenye vichupa. Mgonjwa akichomwa dawa hiyo kwenye mshipa, kingamwili za farasi zinaishika sumu na kuizuia isiendelee na uharibifu.

Kwenye maelezo hayo mafupi, gharama tayari zimeshaanza kujipanga. Lazima ufuge nyoka na watu wenye ujasiri wa kuwakamua. Lazima ufuge farasi na uwatunze. Unahitaji kiwanda safi. Dawa ya maji inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kutoka kiwandani mpaka zahanati ambako umeme unakatika. Ipo ya unga inayovumilia joto zaidi, lakini kuikausha ni gharama nyingine. Na kwa kuwa protini za farasi ni ngeni kwa mwili wa binadamu, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali ghafla. Ndiyo maana dawa hii haitakiwi kuchomwa nyumbani wala dukani. Inatolewa mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza watu: mtoto anapewa dozi ileile ya mtu mzima. Kinachopimwa hapa ni kiasi cha sumu kinachotakiwa kuzuiwa, na nyoka hapunguzi sumu kwa kuwa amemuuma mtoto.

Kichupa si kipimo

Sasa turudi kwenye meza yako ya mfamasia.

Vidonge vya maumivu vya kampuni mbili tofauti, vyote miligramu 500, unaweza kuvilinganisha kwa bei. Antivenomu huwezi kuilinganisha hivyo, kwa sababu kichupa kimoja hakina kiasi cha dawa kinachofanana kwa watengenezaji wote. Kimoja kinaweza kuwa na kingamwili nyingi zinazoifahamu sumu ya nyoka wako. Kingine kinaweza kuwa kimejaa kingamwili za farasi zisizoijua kabisa.

Tazama Nigeria. Jaribio lililofanyika katika hospitali ya Kaltungo na kuchapishwa mwaka 2010 lililinganisha antivenomu mbili kwa wagonjwa 400 walioumwa na Echis. Moja ilitolewa kichupa 1 kwa kuanzia, nyingine vichupa 3. Zote mbili zilirudisha uwezo wa damu kuganda kwa wagonjwa wengi. Maana yake, ukilinganisha bei ya kichupa kwa kichupa katika dawa hizo umeshakosea kabla hujaanza.

Dozi inategemea nyoka pia. Kwa antivenomu inayotengenezwa Johannesburg, Afrika Kusini, na inayotibu sumu ya aina 10 za nyoka, mgonjwa wa kifutu huanza na vichupa kama 5. Aliyeumwa na koboko anaweza kuhitaji 10 na zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia “kichupa ni bei fulani”, bado hajakuambia bei ya matibabu.

Sasa ile hospitali niliyoigusia mwanzoni. Iko vijijini nchini Ghana, eneo ambalo nyoka msumbufu ni huyu huyu Echis. Mwaka 2004 waliacha antivenomu waliyoizoea, iliyoitwa Fav-Afrique, wakaanza kutumia nyingine iliyotengenezwa India. Watafiti walipolinganisha wagonjwa wa kabla na wa baada, vifo vilikuwa vimepanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Yaani kwa kila wagonjwa 100, badala ya kufa 2 hivi, walikufa 12.

Kwa nini? India nao wana Echis, lakini ni wa aina nyingine. Farasi aliyechomwa sumu ya nyoka wa India hutengeneza kingamwili za nyoka wa India. Vital Brazil alishalisema hili zaidi ya miaka 100 kabla. Haina maana kwamba kila dawa kutoka India ni mbaya, kwa sababu wapo watengenezaji wa huko wanaotumia sumu za nyoka wa Afrika. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: farasi wako walichomwa sumu ya nyoka gani, wa kutoka wapi, na nani amepima dawa yako kwa wagonjwa?

Kwa hiyo jibu la lile fumbo la mwanzo ni kwamba orodha ya bei peke yake haitoshi kuamua. Ukinunua dawa ya robo bei halafu mgonjwa akahitaji mara nane ya vichupa, umelipa mara mbili. Na ukinunua ya bure isiyofanya kazi, umepata hasara isiyohesabika. Hesabu sahihi ni hii moja: gharama ya mgonjwa mmoja kupona.

Soko linalojila lenyewe

Uchambuzi wa soko la antivenomu la Afrika kusini mwa Sahara uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba bei ya jumla ya kichupa ilikuwa kati ya dola 18 na 200, na matibabu yanayofanya kazi kwa mgonjwa mmoja yaligharimu kati ya dola 55 na 640. Hiyo ni bei ya jumla, kabla ya usafiri, ghala, faida ya muuzaji, na kitanda cha hospitali.

Nani anaumwa na nyoka? Mkulima, mfugaji, mtoto anayechunga mbuzi, mama anayeokota kuni. Watu hawa hawana dola 100 za kutoa leo jioni. Hospitali zikijua wagonjwa hawawezi kulipa, zinaagiza kidogo, au haziagizi kabisa maana dawa ikipita muda wake ni hasara. Mtengenezaji akiona oda ni ndogo, anapandisha bei ili alipie farasi na kiwanda, au anaacha kutengeneza. Nafasi inayobaki inajazwa na dawa dhaifu. Wagonjwa wanafia hospitalini, habari zinasambaa kijijini kwamba hospitali hakuna dawa ya nyoka, watu wanaacha kwenda. Mahitaji yanashuka tena, na mzunguko unaanza upya.

Hii si nadharia. Fav-Afrique, ile iliyokuwa inafanya kazi Ghana, ilitibu sumu ya aina 10 za nyoka wa Afrika. Mtengenezaji wake, Sanofi Pasteur, aliacha kuitengeneza mwaka 2014. Madaktari Wasio na Mipaka, yaani MSF, walipiga kelele mwaka 2015 kwamba vichupa vya mwisho muda wake wa matumizi ungeisha Juni 2016. Walisema matibabu kwa dawa hiyo yalikuwa yanagharimu dola 250 hadi 500 kwa mgonjwa. Juni 2016 ikafika na kupita. Angalia kilichotokea hapo: nyoka hawakupungua na sayansi haikupotea. Hesabu za biashara tu ndizo zilizokataa.

Basi ni umaskini wetu?

Unaweza kusema, sawa, sisi ni maskini, kwa matajiri mambo yako vizuri. Hebu tuangalie Marekani.

Kule dawa ipo, na watu wanaokufa kwa nyoka ni wachache sana. Lakini bili zake zinatisha. Mwaka 2015 Leslie Boyer, daktari wa Chuo Kikuu cha Arizona, alichambua bei ya antivenomu inayofikia dola 14,624 kwa kichupa ili kuona kila dola inakwenda wapi. Kuitengeneza dawa yenyewe, pamoja na wanyama na kiwanda, kulichukua kama asilimia 0.1 ya bei hiyo, yaani takriban dola 14. Majaribio ya kitabibu yalichukua asilimia 2.1. Zaidi ya asilimia 70 ilikuwa nyongeza inayowekwa na hospitali, ambayo sehemu kubwa ipo kwa ajili ya kuvutana na kampuni za bima.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu moja. Kwetu bei inaua kwa kuwa soko ni dogo na halina mlipaji. Kwao inapaa kwa kuwa yupo mlipaji mwenye mfuko mkubwa. Huku na huko, bei ya mwisho inaamuliwa na jinsi tulivyopanga nani alipe, kuliko inavyoamuliwa na nyoka au farasi. Na mambo ya kupangwa na watu yanaweza kupangwa upya.

Gharama ambazo hazimo kwenye risiti

Tuchukulie mkulima mmoja, baba wa watoto wanne, anaumwa na kifutu wakati wa palizi. Mfano huu ni wa kubuni, lakini kama umekulia kijijini utautambua.

Kuna bodaboda mpaka zahanati. Zahanati haina dawa, anaandikiwa rufaa. Kuna gari la kukodi mpaka wilayani. Hapo anaambiwa dawa inunuliwe nje. Mbuzi wanauzwa usiku, kwa bei ya mtu mwenye shida, na kila mnunuzi analijua hilo. Akipata vichupa viwili badala ya vitano, mguu unaendelea kuoza. Inafuata upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa, kubandikwa ngozi, wiki kadhaa wodini na ndugu anayempikia. Shamba halijapaliliwa. Mtoto mkubwa anaacha shule kwa muda ili ashike jembe. Mwaka unaofuata baba anatembelea gongo.

Hapo sasa jumlisha. Dawa iliyoonekana ghali siku ya kwanza imegeuka kuwa kipande kidogo cha hasara yote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila mwaka watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa sumu ya nyoka duniani, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa viungo ni kama mara tatu ya hao. Hao mara tatu ndio baba yetu huyu.

Mbona kwa mganga wanapona?

Swali hili linaulizwa sana, na linastahili jibu la heshima badala ya kejeli.

Kwa makadirio ya WHO, watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, lakini wanaopata madhara ya sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Waliobaki waliumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa. Fanya hesabu: angalau nusu ya walioumwa wangepona hata kwa kupewa uji. Mganga akitibu watu kumi, watano au zaidi wanaondoka wakiwa wazima, na kila mmoja ni tangazo linalotembea. Aliyefia njiani hana wa kumtangaza.

Jiwe jeusi la nyoka, lile linalobandikwa kwenye jeraha ili “linyonye sumu”, limejaribiwa maabara kwa panya waliochomwa sumu na halikuwasaidia. Tatizo lake kubwa ni muda linalokula. Antivenomu inaikamata sumu ambayo bado inazunguka mwilini, lakini haiwezi kufufua nyama iliyokwishakufa. Kila saa inayopotea ina bei.

Tuwe wakweli pia: watu hawaendi kwa mganga kwa ujinga. Mganga yuko karibu, anapokea malipo kwa awamu, hata kuku anakubali, na hamwambii mtu “dawa imeisha, kanunue nje”. Tukitaka watu wapite pale moja kwa moja kwenda hospitali, hospitali iwe na kitu cha kuwapa.

Nini kinawezekana

Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati yenye nyoka wengi hatari, ilianzisha mwaka 1970 Instituto Clodomiro Picado, ambayo sasa ni taasisi ya chuo kikuu cha umma. Inatengeneza antivenomu bila lengo la kupata faida, inafanya utafiti na kufundisha wahudumu wa afya. Leo vifo vya nyoka nchini humo ni vya kuhesabika kwa vidole. Zaidi ya hayo, moja ya zile dawa mbili zilizojaribiwa Nigeria ilitengenezwa na taasisi hii, kwa sumu za nyoka wa Afrika. Chuo kikuu, farasi, na uamuzi wa serikali. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho Afrika Mashariki haina.

Je, inalipa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipiga hesabu kwa nchi 16 za Afrika Magharibi. Kuokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kwa antivenomu kuligharimu kutoka dola 83 nchini Benin hadi dola 281 nchini Sierra Leone. Kwa vipimo vinavyotumika kupanga bajeti za afya, hiyo ni gharama ndogo.

WHO iliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Maandishi ni mwanzo mzuri, lakini antivenomu hainunuliwi kwa mkakati. Inanunuliwa kwa oda kubwa ya pamoja, inayoahidiwa kwa miaka kadhaa, ili mtengenezaji wa dawa nzuri awe na uhakika wa kulisha farasi wake.

Na sayansi haijalala. Pale Kilifi, Kenya, limefanyika jaribio la awamu ya kwanza la dawa iitwayo unithioli kwa watu 64 wenye afya njema. Dawa hii si mpya, imetumika kwa miaka mingi kutibu sumu za metali kama zebaki. Inafanya nini kwa nyoka? Vimeng’enya vinavyoharibu damu na nyama kwenye sumu za Echis na jamaa zake haviwezi kufanya kazi bila madini ya zinki, na unithioli inayanyakua madini hayo. Inamezwa kwa mdomo na haihitaji farasi. Jaribio lilionyesha washiriki waliivumilia vizuri. Bado lazima ithibitishwe kwa walioumwa kweli, lakini fikiria mgonjwa akianza matibabu zahanati, saa tatu kabla ya kufika kwenye sindano.

Mpaka hapo, ukiumwa leo

Ondoka alipo nyoka na usimfukuze wala kumkamata. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na ikishindikana achana nayo. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla ya uvimbe. Tulia, na kiungo kilichoumwa kisitikisike, kifunge kwenye ubao au kijiti kama mtu aliyevunjika. Usifunge kamba ya kukaza, usichanje, usinyonye, usimwagie petroli. Kamba inakata damu na kuua mguu ambao nyoka hakuuua. Kama ni sumu ya machoni, osha kwa maji mengi. Kisha hospitali, kwa chombo chochote kilichopo, hata kama husikii maumivu.

Na kabla ya hayo, kinga ni rahisi: buti shambani, tochi usiku, chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na ghala lisilo na panya, maana panya ndiye anayemwalika nyoka ndani.

Kazi ya mwisho ninayokuachia ni hii. Wiki hii, ukiwa mzima, ulizia kituo cha afya cha karibu na kwenu: antivenomu mnayo? Ni ya nyoka gani? Vipo vichupa vingapi? Friji inafanya kazi? Waulize pia kama mgonjwa mmoja wa kifutu atapata dozi kamili bila kununua nje. Ukipata majibu, yapeleke kwenye mkutano wa kijiji, kwa diwani, au yaandike hapo chini tuyasome wote. Maswali haya yakiulizwa na watu wengi kwa wakati mmoja, nayo ni mahitaji ya soko, na ndiyo yanayokosekana.